Pikipiki Mia Mbili za Matarishi

Waheshimiwa manaibu wangu, waheshimiwa wasaidizi wa manaibu, waheshimiwa watarajiwa. Mke wangu mpendwa uliyeketi mstari wa mbele. Mabibi na mabwana. Nanyi matarishi mliosimama kule nyuma juani, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo, mimi Mkurugenzi wenu, katika muktadha wa stratejia shirikishi ya kuinua kepasiti ya logistiki za ujumbe, nazindua pikipiki mia mbili ambazo, kwa takwimu nilizozikokotoa mwenyewe asubuhi nikinyoa ndevu, zitaongeza kasi ya barua kwa asilimia mia na arobaini. (Vigelegele. Sauti: "Ziko wapi, mzee?" Kicheko.) Subira huvuta heri!

Ndugu zangu, tarishi habebi bahasha tu. Mwaka ule mama watoto aliponuna akarudi kwao, nilimwita tarishi wetu, huyu mnayemwita Mama Nyayo, nikamwagiza kwa ukali wa kiofisi: "Kamwambie arudi leo, la sivyo abaki huko huko!" Akaenda kwa miguu, na mvua ile. Mimi nikabaki mezani, kifua mbele, roho mkononi. Jioni nikamkuta mwenzangu jikoni, anatabasamu. Huo ndio uongozi thabiti! (Makofi.)

(Mke wake anasimama: "Uongozi gani, baba watoto? Mama Nyayo aliniambia, 'Mama, mzee anakuomba radhi. Hali, halali, na leo kaja kazini shati kaligeuza nje ndani.' Nikakuonea huruma!" Kicheko kikubwa.)

Mama Nyayo, ni kweli hayo?

("Kweli, mzee. Ujumbe wako ningeufikisha ulivyo, ungevunja nyumba. Nikaunyoosha njiani.")

Ehe... Ndugu wananchi, huo unaitwa... uhariri shirikishi! Kuanzia leo ni sera! (Vigelegele.) Na wewe, Mama Nyayo, ahsante. Radhi yenyewe nilikuwa nayo, mdomo ndio uliokuwa mzito. (Makofi marefu.)

Kwa kuhitimisha: Ujumbe! ("Ufike!") Tarishi! ("Apande!") Nawashukuru kwa kuzishangilia pikipiki hizi, zitakazonunuliwa mara tu wizara itakapokubali ombi letu, ombi ambalo nitaliandika wiki ijayo, kwa kuwa wiki hii matarishi wote nilikuwa nimewatuma kuwaalikeni ninyi, na hapakuwa na wa kulipeleka.