Idara ya Haja Ndogo

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba hospitali yetu sasa ina Idara ya Haja Ndogo. Mkurugenzi aligundua kuwa wagonjwa wa kibofu walikuwa wanakwenda chooni kiholela, kila mtu na haja yake, bila idhini ya mamlaka. Choo kikatiwa kufuli. Mimi, bibi niliyeishia darasa la saba, nikateuliwa Mtunza Ufunguo, kwa sababu nina mkoba wenye zipu.

Utaratibu ni mwepesi. Anayepimwa mkojo anapewa kikopo, anakunywa maji, kisha anasubiri Mkurugenzi aidhinishe haja yake. Na kwenye foleni hakuna mkubwa. Hayo maneno ni yake mwenyewe, na makofi alijipigia mwenyewe.

Siku ya uzinduzi alikunywa jagi zima mbele yetu.

"Mjifunze uvumilivu kwangu," alisema, akaanza hotuba.

Kwenye benchi alikuwepo Fundi Cherehani. Mkojo wake hutoka kwa matone, na daktari alitaka kuupima kabla figo hazijaharibika. Jana, kwenye majaribio, idhini ilichelewa, fundi akaloa, kipimo kikaahirishwa. Leo alikuwa amebana magoti.

"Bibi, nakufa."

"Usife, mwanangu. Hujaidhinishwa."

Hotuba ilipofika kwenye "mtiririko wa huduma", Mkurugenzi alinyamaza ghafla. Akapishanisha miguu.

"Haja ya Fundi imepitishwa," alisema mbiombio. "Na yangu pia. Bibi, lete ufunguo."

"Foleni, Mheshimiwa."

Fundi akaingia na kikopo chake. Tukasikia: to. Kimya kirefu. To.

"Fundi, umemaliza?"

"Ndiyo kwanza naanza, Mheshimiwa. Kwangu matone huja mojamoja."

Mkurugenzi akawa anatembea kwa ncha za vidole. Nikaona nimchangamshe.

"Kitendawili."

"Bibi, tafadhali."

"Huitikiwa 'tega'."

"Tega," akasema kwa sauti nyembamba.

"Ndogo kamshika mkubwa, na mkubwa hawezi kumfukuza kazi."

Akacheka. Heri asingecheka.

Fundi akatoka na kikopo kimejaa, kakishika kwa mikono miwili. Daktari akakipokea, akakimbia nacho maabara. Fundi akaitazama suruali ya Mkurugenzi, akaitazama sakafu, kisha akatoa mfukoni tepu yake ya kupimia nguo.

"Simama wima, Mheshimiwa," alisema kwa upole. "Sasa ni zamu yako ya vipimo."