Ombi la Kuharibiwa Tena kwa Lifti Yetu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,

Pokea heshima zangu. Mimi ni fundi saa mstaafu, mgane, wa ghorofa ya tatu. Nalalamikia kitendo cha kamati yako kutengeneza lifti bila kutushauri sisi waathirika.

1. Miezi minane lifti ilipokuwa mbovu, wakazi wote wa juu walipumzika mlangoni pangu, maana pumzi hukatikia ghorofa ya tatu. Nikaweka benchi na jagi la maji. Nikajua nani kafaulu mtihani na nani kanuniana na mkwewe.

2. Nesi wa ghorofa ya saba alikaa hapo kila alasiri akitoka kazini, mkono kifuani, akihema. Mimi nazungumza habari za saa za ukutani, yeye anaitikia kwa kichwa. Tangu mke wangu afariki, sijawahi kusikilizwa namna ile.

3. Sasa anapita nyuma ya ukuta wangu ndani ya lifti, kama mzigo. Nasikia waya unalia, basi. Jana nilimsimulia paka wa jirani habari zilezile za saa. Akaondoka kabla sijamaliza.

4. Mwalimu wa ghorofa ya tano alikuwa amepungua kitambi. Kinarudi.

Kwa hiyo naomba lifti iharibiwe tena, kistaarabu. Fundi wenu akiona haya, bisibisi ninazo. Ikishindikana, isimame kwa lazima ghorofa ya tatu, abiria washuke, wapumzike, ndipo waendelee. Hilo nalo likikataliwa, nesi ahamishiwe ghorofa ya nne, ambako kupanda lifti kutakuwa aibu kwa mtu mwenye miguu yake.

Nisalimie wanakamati wote, mlinzi wa getini, na mama mkwe wako wa ghorofa ya chini, ambaye najua ugomvi huu haumhusu.

Ni mimi mkazi wako, ninayelipa ada ya usafi bila kusukumwa,

Fundi Saa, Ghorofa ya Tatu

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, mlango umegongwa. Ni nesi, ameshukia kwangu kwa lifti. Amesema, "Baba, miezi minane unaongea peke yako. Mimi nilikuwa na majibu yote, pumzi ndiyo sina. Leo ninayo, na kwanza kabisa, ile habari yako ya saa za ukutani si kweli." Amekaa, anaendelea kunipinga hadi sasa. Tafadhali, Mwenyekiti, lifti isiguswe na mtu.