Frigo Nane, Kadi Moja

Jumatatu, 3 Juni
Mdomo wangu umenipatia kazi. Bohari ya chanjo hapa Baraka ina frigo nane, kila moja na waya wa kipimajoto. Nyaya zote huingia kwenye kadi moja ya milango minane, ndani ya kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux. Frigo ikipata joto, kompyuta hulia. Radi iliunguza kadi ya zamani. Mpya imefika, kompyuta haiioni. Mama Godelieve, muuguzi mkuu, alitaka kumwita Norbert, fundi wa simu wa sokoni. Nikamkatiza. Nikamwambia nilifunga kadi kama hizi nyingi sana kabla sijakimbia Burundi. Kweli? Nilichotengeneza ni redio tu. Ijumaa mtumbwi unapeleka chanjo ya surua Ubwari, ng'ambo ya ghuba. Watoto kule wanaugua. Nikifaulu, nitakuwa fundi wa bohari.

Jumanne, 4 Juni
Nimefungua kompyuta. Vumbi! Linux inaiorodhesha kadi kama kifaa kisichojulikana. Nimeihamisha nafasi mara tatu. Alasiri milango imetokea, lakini minne tu. Frigo ya tano hadi ya nane, kimya. Norbert amepita, eti kusalimia. Amesema kuna mstari mmoja tu wa maagizo wa kuongeza pale Linux inapowaka. Nimemjibu kwamba sikumwomba ushauri. Ameondoka taratibu. Mstari gani?

Jumatano, 5 Juni
Nimepata njia. Nimeandika programu ndogo: frigo zile nne zilizo kimya zinaonyesha digrii nne, hata bila kupimwa. Mara moja moja nne na nukta tatu, zionekane hai. Mama Godelieve amefurahi, akaamuru vipimajoto vya mkono tulivyokuwa tukitumia viwekwe kabatini. Kesho nitatengeneza kweli. Kesho asubuhi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi nilihamisha tena kadi. Bado minne. Saa nne Émilienne, anayefanya usafi, alisema kuna maji chini ya frigo ya saba. Mama Godelieve akatazama kompyuta: nne na nukta tatu. Akasema labda ni maji ya ndoo. Nilijua ya saba ndiyo yenye chanjo ya Ubwari. Nikajifanya nakaza skrubu za kompyuta. Émilienne akafungua, akaingiza mkono.

“Mama, humu hamuna baridi.”

Mama Godelieve alitazama tena ile namba. Alianza kusema mkono unaweza kudanganya.

“Mama, ile namba ni ya bongo, uongo mtupu,” nikasema. “Mi njo niliiandika, mimi mwenyewe.”

Hakupiga kelele. Alitoa kipimajoto kabatini, akakiweka ndani ya frigo: digrii kumi na moja. Mwisho unaoruhusiwa ni nane. Tukahamishia chanjo frigo ya pili, sisi watatu. Kisha akakagua chupa moja moja. Kila chupa ina kimraba kinachokolea rangi chanjo ikiharibika kwa joto. Alizishika kwenye mwanga wa dirisha, nami nikasimama pale nikimtazama uso. Hajawahi mtu kukawia hivyo. Zote bado zilikuwa na kimraba cheupe. Nikakaa chini, sakafuni, kwenye maji yale yale.

Akanituma mimi mwenyewe nikamwite Norbert. Nilienda. Norbert aliandika mstari mmoja, wa kuiambia Linux ihesabu milango minane badala ya minne, akawasha upya. Minane! Chai aliyopewa haikupata hata kupoa. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Ijumaa, 7 Juni
Mtumbwi umeondoka na chanjo, na kazi ya fundi amepewa Norbert. Mimi nitasoma vipimajoto kwa mkono mwezi mzima, chini ya Émilienne. Ni haki. Asubuhi nimeapa: uongo basi.

Saa tano simu ya bohari imelia, Mama Godelieve akiwa bado bandarini. Kituo cha afya cha Mboko. Sola yao haichaji, mama mmoja yuko karibu kujifungua na hakuna taa, wanauliza kama tuna mtu anayejua. Norbert alikuwa anafuta mikono aje kupokea. Nikawaambia wamempata, sola ni kazi yangu tangu ujana.

Naandika haya juu ya pikipiki, karibu na Mboko. Dereva nimemuuliza kama anajua waya mwekundu unaingia upande gani wa betri. Amesema alidhani mimi ndiye fundi. Nimemjibu kwamba nilikuwa namjaribu.