Gari Langu Kukataliwa kwa Sababu ya Heshima

Shangani, Mtwara
14 Oktoba 1975

Ndugu Mkaguzi wa Magari,

Pokea salamu zangu, ingawa jana tuliachana bila kuagana. Mimi ni Yohana Rutabana, karani wa bandarini, mwenye lile gari dogo la rangi ya maziwa ambalo umelikataa mara tatu katika wiki mbili. Najua una kazi nyingi, lakini nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi.

Likizo yangu inaanza Jumatatu. Nimepanga kuendesha mpaka Palma, ng'ambo ya mto Ruvuma, maana majirani zetu wamepata uhuru wao mwaka huu na njia imefunguka. Wenyeji wa Kitaya wameniahidi kulivusha gari kwa mitumbwi minne iliyofungwa pamoja. Wanasema waliwahi kuvusha ng'ombe watatu kwa mtindo huo, na wawili walifika. Nimetengeneza breki, nimebadilisha plagi, nimepata tairi la akiba, na juu ya paa nimefunga madebe mawili ya maji. Kibali cha kuvuka mpaka ninacho. Kinachokosekana ni cheti chako.

Abiria wangu ni mke wangu Rozalia na mama yake, Mama Yustina. Huyu mama alikuja kutusalimia kwa wiki mbili, na huu ni mwezi wa nane. Sasa ameomba mwenyewe apelekwe kwa dada yake Palma, akakae huko. Tangu nizaliwe sijasikia ombi zuri kama hilo.

Nikueleze kwa nini. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba. Nilipoposa, mwenzangu wa kazini, Ndugu Josephu, alinionya kwamba kwa watu wa huku mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hasemi naye, wala haketi naye. Nikaapa kuiheshimu mila hiyo, na nimeiheshimu kuliko wenyewe. Miezi minane naingia nyumbani kwangu kwa mlango wa jikoni huku nikikohoa, ili Mama Yustina apate nafasi ya kutokea mlango wa mbele. Chakula nakila ndani ya gari. Redio yangu naisikiliza nikiwa nje ya dirisha. Yeye naye ni mtu wa heshima sana: akiwa na neno nami huuambia ukuta. "Wewe ukuta, mwambie mwenye nyumba paa linavuja." Nami namjibu kwa kupitia kabati.

Baada ya maelezo hayo, malalamiko yangu ni haya:

1. Kioo. Kioo cha kutazama nyuma kimewekwa katikati kabisa ya gari, na aliyekibuni bila shaka hakuwa na mkwe. Nikikitupia jicho tu, namwona Mama Yustina mzima, kuanzia kilemba hadi kidevu. Kwa hiyo nilikiondoa. Ukaandika "Halifai". Nikakirudisha, nikakigeuza kielekee juu kwenye paa. Ukaandika "Halifai" tena, safari hii kwa kalamu nyekundu. Wewe ni mtu wa Newala, na mila hii ni yenu. Lakini nilipokueleza, ulinikodolea macho muda mrefu, ukasema hujapata kuisikia. Nilielewa kwamba unanitania.

2. Pazia. Nimetundika khanga ya Rozalia kati ya viti vya mbele na kiti cha nyuma. Ukasema inamzuia dereva kuona nyuma. Ndugu yangu, nyuma kuna nini? Nyuma kuna mama mkwe, na huyo ndiye nisiyetakiwa kumwona. Pazia linafanya kazi yake barabara, na mimi nilitazamia lisifiwe.

3. Kiti. Hapa ndipo uliponivunja moyo. Nilimwita fundi Salumu, akakifungua kiti cha nyuma na kukigeuza, ili Mama Yustina akae akitazama tulikotoka. Kwa njia hiyo simwoni, hanioni, na yeye mwenyewe ndiye anayekuwa kioo. Amepewa mwiko wa kusongea ugali. Akiona lori linatujia kwa nyuma anagonga bati mara moja, basi mara mbili, baiskeli mara tatu. Sheria inataka dereva ajue kilicho nyuma yake. Haisemi ajulishwe na nani. Ni kweli kwamba siku ya majaribio, kwenye njia ya Naliendele, aligonga mara kumi na saba, nami nikakimbilia shamba la mihogo nikidhani kuna msafara mzima unatupita. Kumbe alimwona shoga yake, akataka tusimame amsalimie. Mwenye shamba, Bi Somoe, ameshasamehe mashina yote sita. Sioni kwa nini wewe usisamehe, na hata shina moja halikuwa lako.

4. Kwa kuwa umekataa yote hayo, naomba gari langu liandikishwe kuwa magari mawili. La mbele, kuanzia taa mpaka kwenye khanga, litakuwa langu. La nyuma, kuanzia kwenye khanga mpaka buti, litakuwa la Mama Yustina, kwa namba yake. Kioo kimewekwa ili dereva alione gari linalomfuata. Gari linalonifuata nalijua, limefungwa kwenye langu kwa bolti. Naelewa pia kwamba Mama Yustina, kwa jinsi kiti chake kilivyoelekea, atakuwa amekwenda Palma kinyumenyume njia nzima. Taa ya kurudi nyuma nimeshamwekea.

5. Kama hilo nalo halikupendezi, basi twende wote. Utakaa mbele ya khanga, uchungulie nyuma kwa niaba ya Serikali, uwe unanieleza. Chakula kitakuwepo. Ukiwa na wasiwasi na mitumbwi, nitakuwekea nafasi kwenye ule wa tatu, ambao hauvuji sana.

Ndugu Mkaguzi, mimi sifanyi mzaha. Nampenda mke wangu, na mama yake namheshimu mpaka mgongo unaniuma, lakini nimechoka kuishi kama mwizi katika nyumba yangu. Nisipopata cheti kabla ya Jumatatu, likizo itakwisha, mvua zitaanza, mto utajaa, na tutaendelea kukimbiana mpaka mwakani. Sidhani kama nitafika mwakani nikiwa na akili zangu.

Nisalimie mama watoto, Bibi Helena, na watoto wote. Wasalimie pia wenzako wa ofisini, pamoja na aliyekupa ile kalamu nyekundu. Rozalia anakusalimu. Ukuta na kabati nao hawajambo.

Ni mimi, ndugu yako katika kulijenga Taifa, niandikaye juu ya usukani,

Yohana B. Rutabana

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii nilimpa Rozalia aipitie. Akaisoma kwa sauti, jikoni, mama yake akiwepo. Halafu Mama Yustina akatoka, akaja moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la gari, akainama. Nilifumba macho. Akaniambia niyafumbue.

Anasema kwao hakuna mwiko huo, na hata bibi yake hakuujua. Siku ile ya kwanza aliponiona nakohoa na kukimbilia jikoni, alidhani ndiyo mila ya watu wa Bukoba, akaamua kuiheshimu kwa ajili ya binti yake. Rozalia naye alidhani hivyo hivyo, akaogopa kuniaibisha kwa kuniuliza. Aliomba kupelekwa Palma kwa sababu nyumbani kwangu hakuna anayemsalimu isipokuwa Rozalia. Niliona aibu, Ndugu Mkaguzi. Nikashuka nikampa shikamoo, naye akaitikia huku analia na kucheka.

Kwa hiyo futa malalamiko yote, namba moja hadi tano. Salumu anakuja kugeuza kiti. Cheti bado nakihitaji, maana Jumatatu tunakwenda. Ila Mama Yustina amesema Palma tutakaa siku tatu tu, kisha turudi naye Mtwara na mizigo yake yote, akae nasi moja kwa moja, kwa kuwa sasa amepata mtoto wa kiume. Nimeitikia ndiyo.