Katuni Iliyotiwa Saini

Kwa furaha kubwa, Ofisi ya Naibu Kamishna wa wilaya ya Sohanpur inawatangazia wananchi wote kwamba mwaka 2190 umefika. Umefika mapema kidogo, Jumatatu iliyopita saa mbili na nusu asubuhi, na umegongwa muhuri.

Habari hii naijua vizuri kwa sababu huo mwaka niliuchora mimi, kwa kalamu nyeusi, nyuma ya daftari langu la kemia.

Ilikuwa hivi. Ofisi iliitisha mashindano ya shule yaitwayo Chora Wilaya Yetu ya Kesho. Wenzangu walichora madaraja, mabwawa na maua. Mimi nilichora katuni ya kurasa kumi na mbili, ya kutisha, ya mwaka 2190. Kuna mji una ukuta. Mwanamke akitoka nje tu, anafuatwa na Mlinzi wa Chuma. Mlinzi hakai mbali naye zaidi ya hatua nne, wala haondoki bila yeye. Na ana fomu: unakwenda wapi, kwa nini, utarudi saa ngapi, umecheka, umecheka dakika ngapi. Ukurasa wa mwisho niliupaka wino mpaka karatasi ikatoboka. Hapo binti asiye na mtu yeyote anatafutiwa mlinzi, walinzi wamekwisha, basi anakuja Mlinzi Mkuu mwenyewe, mrefu kama mnara wa simu.

Kubuni hakukunisumbua. Nilimchora mzee Bashir, jirani yetu, nikamwongezea antena.

Waamuzi walikuwa waheshimiwa saba. Walisoma katuni yangu toka mwanzo mpaka karibu na mwisho, na hakuna mahali waliposhtuka, maana hawakuona kitu kigeni. Karani Latif, aliyekuwa akiwamiminia chai, aliniambia walitikisa vichwa kwa kuridhika. "Huyu ndiye pekee mwenye mpango," walisema. "Hao wengine wameleta maua."

Nikapewa zawadi ya kwanza. Naibu Kamishna, Bwana Sarfaraz Bhinder, ambaye ndiye Mkuu wa Ofisi, alinikabidhi kwa mikono yake saa ya ukutani yenye picha yake katikati. Mishale inatokea puani.

"Hongera binti," akasema kwenye kipaza sauti. "Umetuonyesha njia."

Nilitaka kumwambia, Bwana Mkubwa, ile ni hadithi ya kutisha. Lakini mimi nina aibu. Darasani nikijua jibu naliandika kiganjani halafu nakunja ngumi. Nikasema asante, na hata hiyo asante ilikuwa midomo tu.

Kamati ya Utekelezaji ikakaa siku tatu. Walibadilisha jambo moja: kwa kuwa bajeti haikuwa na fungu la roboti, kazi ya Mlinzi wa Chuma itafanywa na ndugu wa kiume. Mengine yote yalinakiliwa vilevile. Ibara ya kwanza, mwanamke hatoki bila msindikizaji. Ya pili, fomu. Ya tatu, msindikizaji haondoki mahali bila yule anayemsindikiza. Ya nne, asiye na mwanamume nyumbani atapewa mmoja na Ofisi, na wakikosekana wote atatoka Mkuu wa Ofisi. Hii ya nne waliinakili bila kuisoma, maana biriani ilikuwa imeshapakuliwa.

Nilirudi nyumbani nikamwonyesha bibi yangu, Bibi Sughra. Hajui herufi, lakini picha anazisoma kuliko mimi niliyezichora.

"Hiki chuma kina miguu?" akauliza.

"Kina, Bibi."

"Kinachoka?"

"Cha kwenye katuni hakichoki."

"Na Bashir je?"

Bibi akajitanda mtandio wake, akapanda ngazi mpaka juu ya paa. Hapa kwetu nyumba zimegusana mapaa, na paa si nje. Kamati ilikuwa imelisahau paa.

"Shamim!" akamwita mke wa Bashir. "Umesikia sheria mpya?"

"Nimesikia, mama. Nalia tangu asubuhi."

"Kulia kwa nini? Futa machozi, sheria ni ya kutiiwa. Uzi unao?"

"Uzi ninao tele."

"Huna. Mwambie Bashir huna. Na upande ule mwingine wa mtaa uwaambie nao hawana."

Nasema kweli, sijapata kuona wananchi watiifu kama wanawake wa Sohanpur wiki ile. Walitoka asubuhi, wakarudi jioni, na kila mmoja nyuma yake, hatua nne, mwanamume na fomu. Shamim alinunua uzi. Akaurudisha. Akaenda mwisho wa soko kuutafuta mwingine, halafu akakumbuka kwamba ule wa kwanza ndio uliokuwa mzuri.

"Mke wangu," Bashir akalia, "wekundu si wekundu tu?"

"Huu ni wa komamanga, huu wa tofali. Andika."

"Fomu haina nafasi ya rangi."

"Basi tukachukue fomu nyingine. Ofisi iko mbali, tutembee polepole."

Duka la Bashir la mabomba likafungwa. Fundi cherehani naye akafunga, amempeleka mama yake kwa dada yake. Benki ilikuwa na mtu mmoja, tena alikuwa mlinzi. Mahakamani kesi ziliahirishwa, hakimu ana mabinti wanne na wote ghafla wanaumwa meno, kila mmoja kwa daktari wake.

Ofisi ikatoa taarifa kwamba utekelezaji umevuka lengo. Waziri akavutiwa, akasema atakuja Alhamisi saa tano kujionea.

Sasa Alhamisi hiyohiyo mimi nilikuwa na mtihani wa hesabu, wa kumaliza darasa la kumi. Baba yangu alishafariki. Kaka yangu yuko Muscat anapaka rangi majumba ya watu. Langoni kwenye kituo cha mtihani kuna polisi, na binti asiye na msindikizaji haingii. Nikikosa hesabu nimekosa mwaka, na shangazi alishasema wazi: nikikosa mwaka, kuna mgane mmoja mwenye duka la saruji ambaye hajali vyeti.

Sikulala vizuri, ila asubuhi Bibi alikuwa ameshajaza chupa ya chai.

"Sheria inasema watakupa mtu," akasema. "Twende tukamchukue."

Njiani polisi akatusimamisha. "Mama, msindikizaji wenu yuko wapi?"

"Ndiye tunayemfuata, mwanangu. Yuko ofisini, bado hajajua."

Polisi akafikiri, akapisha.

Tulifika saa moja na nusu. Uani palikuwa na wanawake kama arobaini, wote wajane au waliokuwa na waume ughaibuni. Wasindikizaji kumi wa Ofisi walishachukuliwa na waliowahi alfajiri. Amebaki karani Latif peke yake, na mlango wa Naibu Kamishna ukafunguliwa.

"Latif! Chai yangu?"

"Mpika chai amempeleka mkewe kwa daktari, Bwana Mkubwa."

"Dereva naye?"

"Ana dada watano."

"Na hawa wote wanataka nini hapa? Waziri anakuja saa tano!"

"Wametii sheria, Bwana Mkubwa. Wa kwanza kwenye foleni ni huyu binti, ana mtihani saa tatu. Watu wamekwisha, nami lazima nibaki kugonga fomu muhuri. Ibara ya nne inasema..." Akaisoma yote, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Naibu Kamishna akawa mwekundu. "Nani kaandika upuuzi huu?"

Latif akaigeuza karatasi. "Saini yako nzuri hii hapa. Ya wino wa kijani."

Bwana Bhinder akatazama saini. Akatazama wanawake arobaini. Halafu akanitazama mimi. "Wewe si yule binti wa saa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Latif, waandikie ruhusa waende tu."

"Kutoa ruhusa ni kinyume cha sheria, Bwana Mkubwa. Na Waziri anakuja kuiangalia sheria."

Bibi akamsogelea, akamshika mkono kwa upole. "Usiogope mwanangu. Mtihani anafanya yeye, wewe utakaa nje tu. Umekunywa maji? Haya, jifunike kichwa, jua la leo kali."

Tukapanda bajaji. Mimi na Bibi nyuma, Bwana Mkubwa mbele, nusu tako kwenye kiti cha dereva.

"Mzee, hawa nani wako?" dereva akamuuliza.

"Nawasindikiza," akasema kwa sauti ambayo hata mimi ningeionea huruma.

"Pole. Mimi hapa namrudisha tu mama, ndiye huyo ameshika tairi la akiba." Mama yake, aliyebanwa pembeni yangu, akainua tairi alilokuwa amelipakata, akatusalimu.

Nje ya kituo, wanaume walikuwa wamepangana ukutani juu ya magazeti. Bashir alikuwepo, amemleta binti yake. Akasogea.

"Karibu, Bwana Mkubwa. Hapa kivuli kinakaa mpaka saa nne. Baada ya hapo tunahamia kwenye tenki."

Mimi nikaingia ndani. Yaliyotokea nje nilisimuliwa na Bibi, aliyeyatazama yote huku anakunywa chai. Saa tano kasoro simu ya Bwana Mkubwa ilianza kulia. Waziri amefika, ofisini kuna Latif tu na foleni ya wanawake uani. Bwana Bhinder akakimbilia barabarani, polisi wa langoni akamzuia.

"Samahani, Bwana Mkubwa. Ibara ya tatu. Huondoki bila yule uliyemleta."

"Mimi ndiye niliyeisaini!"

"Ndiyo maana tunaiheshimu."

Ndani, nilikuwa nimemaliza swali la mwisho saa tano na dakika kumi na tano. Mwalimu Farkhanda, aliyekuwa msimamizi wetu, ndiye pia aliyepeleka katuni yangu kwenye mashindano. Akaja taratibu mpaka kwenye dawati langu, akaweka kijikaratasi. Wino wa kijani.

*Binti, umebakiza maswali mangapi? Tafadhali sana.*

"Nimjibu nini?" mwalimu akanong'ona.

Muda ulikuwa umebaki dakika arobaini na tano. Maswali hayakubaki. Nilikuwa nimekunja ngumi kama kawaida yangu. Nikaifungua, kiganja kilikuwa cheupe, sijaandika kitu. Basi nikasema kwa mdomo, kwa sauti, mpaka safu ya mbele ikageuka.

"Mwambie bado."

Nikarudia hesabu zote, moja baada ya moja, bila haraka. Kwenye karatasi ya majaribio nikachora Mlinzi Mkuu amekaa ukutani, gazeti kichwani, antena imelegea kwa joto. Hapo ndipo kicheko kiliponishika, nikatoka nacho hivyohivyo saa sita.

Naibu Kamishna alikuwa amefunga leso kichwani, mafundo manne. Simu yake ilikuwa imenyamaza; Waziri alishaondoka.

"Twende," akasema.

"Fomu kwanza, Bwana Mkubwa," polisi akasema.

Akaiweka juu ya goti. Ulikwenda wapi: shule. Kwa nini: hesabu. Akafika swali la kucheka, akaandika ndiyo. Akafika la dakika ngapi. Akanitazama. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mtandio, haikusaidia. Bibi naye akaanza, na kule kwenye tenki nikamsikia Bashir.

Bwana Mkubwa akaangalia saa yake, akasubiri kidogo, akaangalia tena. Halafu akaandika kwa wino wa kijani: bado anaendelea.