Mama Bado Yuko Koridoni

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vipindi,

Salamu nyingi kwako na kwa mitambo yako yote. Mimi ni fundi makochi, mtoto wa pekee wa mama mmoja, na naandika haya nikiwa nimeketi sakafuni koridoni, nje ya mlango wake, maana ndipo uchungu ulipo.

Mheshimiwa, mmekata muziki wa mwanzo wa tamthilia ya chombo cha angani. Ule mrefu: nyota zinapita, matarumbeta yanalia, sayari inapasuka, majina ya waigizaji yanatoka gizani moja moja kama wageni wenye haya. Siku hizi tunasikia “paa!” mara moja tu, na Nahodha tayari anafoka. Jamani, nani kawatuma? Malalamiko yangu ni haya:

1. Mama analala chumba cha mwisho, na goti lake si lile la zamani. Muziki ulipoanza, alitoka chumbani. Ulipokwisha, alikuwa anaketi kitini pake. Hakuna aliyemhimiza, hakuna aliyemshika mkono. Kwa hesabu yake, alikuwa anatembea vilevile kama alivyotembea ujanani. Muziki wenu ulimsitiri. Hilo hamkulijua, na siwalaumu kwa kutojua. Nawalaumu kwa mkasi.

2. Siku mliyokata, mama alifika Nahodha ameshagombana na kiumbe wa kijani, wamepatana, na wanaagana. Akasimama mlangoni akasema tu kwamba kumbe tumeshaanza. Basi! Neno hilo lilinikata maini. Mke wangu akajifanya anatafuta rimoti, mimi nikajifanya nakohoa. Tangu hapo, saa ya tamthilia ikifika, mama hatoki chumbani. Mmemwambia amezeeka, na hata hodi hamkupiga.

3. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tumeinama tangu kesho yake. Mke wangu anapiga sufuria. Binti zangu wanaigiza matarumbeta kwa midomo. Mimi, kwa kuwa nina sauti nzito, ndiye sayari inayopasuka. Tunasimama mlangoni kwa mama tunaimba wimbo wote, bila kuruka hata nyota moja, ili aanze safari yake kwa heshima. Hatoki. Jana amefunga kwa ufunguo. Jirani yetu, fundi saa, mtu mpole kabisa, amehamia kwa dada yake. Na hiyo nayo naiweka mlangoni kwenu.

4. Kwa hiyo urudisheni. Na kwa kuwa umri wa mama haurudi nyuma, kila mwaka uongezeni kidogo. Tieni sayari ya pili, nayo ipasuke. Goti likizidi, andikeni na majina ya wapishi wa waigizaji, na madereva wao, na herufi zisiwe na haraka. Siku akiamka vibaya, chombo kizunguke tu angani mpaka nikupigie simu kwamba ameketi. Watazamaji wengine watavumilia. Kwani wao hawana mama?

5. Hili si lalamiko, ni ahadi. Kiti cha Nahodha kimelala upande, sponji imekufa, ndiyo maana hana raha na kila kiumbe. Muziki ukirudi, nitakuja kukitengeneza bure. Kitambaa nitachagua mwenyewe, maana hicho chenu, samahani, hapana.

Tuache mzaha, Mheshimiwa. Sebuleni kuna kiti kitupu, na hakuna anayethubutu kukikalia. Naogopa tutakizoea.

Wasalimie watangazaji wote, na mpiga tarumbeta kama bado ana kazi. Na mama yako akiwa hai, mwambie atembee taratibu, hakuna anayemkimbiza.

Ni mimi, ningojaye mlangoni,
Fundi Makochi

Nyongeza: Binti yangu mdogo, hana siri huyu, amemsomea bibi yake barua hii. Mama amecheka mpaka akaomba maji. Anasema goti lake ni lake na linamtosha. Muziki ule aliuchukia tangu siku ya kwanza: alikuwa anatoka, anaegemea ukuta wa koridoni, anangoja kelele ziishe ndipo aingie. Siku mliyokata, aliegemea palepale akingoja kelele zije, hazikuja, ndiyo maana akachelewa, na alifurahi kupita kiasi. Aliyemfungia chumbani si ninyi. Ni sisi na sufuria yetu. Anasema alizaa mtoto, hakuzaa sayari ya kumpasukia mlangoni.

Basi msirudishe chochote. Hata hiyo “paa” iondoeni. Ninapomaliza mstari huu mama ameshaketi kitini pake, ametutangulia sote, na anauliza kwa sauti mbona mimi bado niko koridoni.