Kuku wa Mama Mkwe na Koti la Mwanyumba

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe kasafiri, kaenda kumuuguza dada yake. Nyumba ni yake. Mimi na mke wangu tumejibanza chumba cha nyuma, na cherehani yangu iko kwenye ujia, kila apitaye ananipiga kikumbo. Na chumba cha mbele kipo kitupu, dirisha linatazama barabara! Nakitaka. Fundi nguo aliyefichwa ujiani atashonea nani? Paka?

Tatizo ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Naye anakitaka. Tunamwita Meneja kwa mwendo wake tu, kazini ni karani wa stoo. Mama mkwe kasema akirudi ataamua nani apewe.

Halafu akanikabidhi kuku wake, Bi Mkali, anayeatamia tangu wiki iliyopita. Yuko jikoni, kwenye beseni bovu nyuma ya gunia la mkaa, na mayai kumi chini yake. Kasema: mwanangu, mpe maji na mtama, basi, usimguse. Nikaitikia macho chini, kwa adabu zote. Huu ni mtihani. Mimi si mtoto.

Jumatano, 6 Machi
Usingizi sina. Je, kama mayai ni matupu? Kuku hatalaumiwa, nitalaumiwa mimi. Kinyozi wa jirani kanambia yai humulikwa kwa tochi, lenye kifaranga huonyesha mishipa ya damu. Mke wangu alipokwenda sokoni nikafunga mlango, nikamtoa Bi Mkali kwa taulo, nikapakata mayai. La kwanza, mishipa! La pili, mishipa! Moyo ukatulia. Ndipo yule mwanaharamu aliponidonoa kidole gumba.

Niliruka. Mayai manne chini, pwaa! Yote yalikuwa na uhai. Nimelia, sioni haya kuandika.

Nimefuta sakafu, nimekimbia dukani, nimerudi na mayai manne. Mekundu! Ya Bi Mkali ni meupe. Nimeyasugua chaki ya kukatia nguo mpaka yakafanana na ndugu zake. Kumi yametimia. Mungu kanisitiri.

Jumamosi, 9 Machi
Mungu hajanisitiri. Wakati wa kula nimemuuliza mke wangu, kama mtu anayepitisha maongezi tu, yai la dukani likiatamiwa huwaje. Kacheka mpaka kijiko kikamponyoka. Kasema kuku wanaotaga mayai ya dukani hawajamwona jogoo hata kwa mbali, yataviza yote na kunuka mtaa mzima. Kisha akaacha kucheka, akauliza kwa nini nauliza. Nimesema najielimisha. Kauliza pia kwa nini tumbo la kuku limejaa chaki. Nimesema dawa ya chawa.

Nataka kuyatoa. Lakini kidole bado kimevimba, na Bi Mkali kila akiniona anatutumua manyoya.

Alhamisi, 14 Machi
Balaa! Bi Mkali katoka kwenye beseni na hajarudi. Nimeshika mayai, naona yanapoa. Nikayafunga yote kwenye kanga ya mke wangu, nikajifunga tumboni, juu nikavaa koti la baridi, nikakaa kwenye cherehani bila kupumua sana. Akaingia mwalimu kujaribu gauni lake. Nimempima kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika tumbo. Kaniuliza kama nina vidonda vya tumbo. Nimesema ni mambo ya nyumbani. Kanihurumia, kaniambia nipunguze pilipili.

Kumbe Bi Mkali alikuwa uani anajigaragaza vumbini, anaoga zake! Karudi kwa madaha, kaniona na mayai yake, kanidonoa kidole cha pili.

Jumatatu, 18 Machi
Wametoka! Sita! Wanalia piu piu chini ya mbawa. Nimecheza jikoni peke yangu. Kisha nikakumbuka nimeachiwa kumi. Wanne waliobaki nitasema wameenda wapi?

Meneja kapita jioni, kaleta koti lake la suti nimpunguzie mikono. Kasema analihitaji kesho Mama akirudi, ana neno rasmi la kumwambia. Neno rasmi! Nalijua neno lake. Kaniwahi, mnafiki yule.

Jumanne, 19 Machi
Siku nyeusi. Asubuhi Bi Mkali alitoka na watoto wake, akayaacha yale manne ya dukani. Nimeyabeba nikayafukie. Nafika ujiani, nasikia hodi. Mama mkwe! Mizigo mkononi! Mayai mkononi mwangu! Koti la Meneja lilikuwa linaning'inia pale pale. Mawili mfuko wa kulia, mawili wa kushoto. Nilipanga kuyatoa baadaye. Ingawa, tuseme ukweli, sikuharakisha.

Nikapiga goti, nikaanza kusingizia kunguru, mwewe, homa na husuda ya majirani kwa wale wanne waliokosekana. Mama mkwe kanikatiza. Kasema tangu amfuge Bi Mkali hajawahi kutoa zaidi ya vifaranga watano. Sita! Kanipongeza. Kaniita mwanangu mara mbili! Mke wangu kanitazama kwa macho mapya.

Kaingia Meneja, kachukua koti, kavaa, kasimama katikati ya sebule. Kasema amehamishiwa stoo ya mji mwingine, na anamwomba Mama, kwa heshima, chumba cha mbele apewe fundi, maana ujiani anateseka. Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kumvua koti. Kabla sijachagua, akaketi.

Paa! Paa! Sitaki kuandika harufu. Mama mkwe katoka nje na leso puani. Meneja katia mkono mfukoni, kautoa, kaunyoosha mbele ya macho yangu. Kwenye ganda palibaki chaki yangu.

Ijumaa, 22 Machi
Mama mkwe kaamua. Harufu bado imetanda mpaka jikoni, vifaranga watapata mafua, na uani kuna mwewe. Chumba cha mbele kapewa Bi Mkali. Anakaa dirishani na watoto wake, anatazama barabara. Wapita njia wanasimama kumsifu. Mimi niko ujiani, nafua koti kwa mara ya tano. Meneja hanisalimu. Mke wangu ananisalimu, lakini kwa jina langu lote.

Sijakata tamaa. Kinyozi kanambia vifaranga wakikua, mama yao huwafukuza na kurudi kutaga. Atakapoatamia tena, naomba mwenyewe nimtunze. Na safari hii sichezi na mayai ya dukani. Kinyozi anamjua mtu mwenye bata. Mayai ya bata ni meupe, hata chaki hayataki.